Waridi Moja la Ziada

Siku tuliyokwenda kutoa pesa za mama mkwe wangu nilivaa viatu vyangu vya kisigino. Nilijua tutarudi na bahasha nene, na sikutaka utajiri unikute na ndala. Mama Enayat alivaa gauni lake jeusi la kutokea, akakamata mkono wangu, tukapanda gari la kwenda Mahalla, yeye akisalimia kila aliyeingia na mimi nikihesabu kichwani maduka tutakayopitia. Kwanza kwa Wagdi kuchukua pesa, kisha moja kwa moja kwenye duka la friji.

Friji hilo ndilo lililotupeleka mjini. Nangwan, wifi yangu, alikuwa anaolewa Alhamisi. Siku ile Fatiha ya uchumba iliposomwa, wakubwa walipatana: upande wa mume nyumba na vitanda, upande wetu jikoni kote. Sufuria tulikuwa nazo tangu Nangwan akiwa darasa la tatu. Jiko tulilipata, mashine ya kufulia tuliipata. Lilibaki friji, na mama wa bwana harusi, Hamdiya, alishapima nafasi yake jikoni kwa utepe wa fundi nguo, akatuma mtu kuuliza ni la rangi gani.

Kwetu Delta vyombo vya bibi harusi haviingizwi nyumbani kimyakimya. Siku moja kabla ya harusi vinapakiwa kwenye pikapu, vinazungushwa kijiji kizima kwa ngoma na honi, na kila mwenye macho anatoka mlangoni kutazama. Hakuna cha kuficha. Pikapu ikipita bila friji, hata mtoto wa kunyonya atajua.

Lakini sisi hatukuwa na wasiwasi, maana tulikuwa na almasi. Mwaka mzima Mama Enayat alikuwa anapika fatiri mbele ya simu na mimi nimeishika. Anachukua donge la unga, anarusha hewani, analizungusha mpaka linakuwa jembamba kiasi cha kuona sura ya mtu upande wa pili, kisha anapaka samli na kukunja, tabaka juu ya tabaka, huku anasimulia habari za marehemu mumewe na ubishi wake. Watu walimpenda, wakamwita Hajjat. Kuanzia Aswan mpaka Moroko walikuwa wanaingia kwenye laivu yake na kumtupia waridi, zawadi za picha zinazonunuliwa kwa pesa, na wenye mifuko minene walimtupia simba, anayetoka upande mmoja wa kioo cha simu akinguruma hadi upande wa pili. Kila simba alipopita, Mama Enayat alisema Bismillahi na kurudi nyuma hatua moja. Watu walitupa simba wengine makusudi wamwone akirudi nyuma.

Waridi na simba wale programu inawageuza almasi, na almasi zinageuzwa pesa. Kazi hiyo ya mwisho kwetu anaifanya Wagdi, mwenye kibanda cha simu karibu na kituo cha treni, mtu wa miwani na maneno machache. Nilimpa simu ya mama kwa madaha, nikaegemea meza yake kama mwenye duka.

Wagdi akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. Kisha akanigeuzia kioo. Salio lililokuwamo lingetosha samli ya fatiri za Ijumaa moja, na nauli ya kurudi kijijini labda.

Sitaficha kilichofuata. Nilimwita mwizi. Nilimwita kwa sauti iliyomfanya muuza juisi ng'ambo ya barabara aache kukamua miwa. Nilimwuliza almasi za mwanamke mjane amezipeleka wapi, nikamwambia miwani hiyo si bure, nikawauliza watu waliokusanyika kama wao pia wameshaibiwa hapo. Wagdi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akasema kwa upole kwamba almasi zilikuwa nyingi kweli, ila zimetumika, na aliyezitumia ni mwenye simu. Nikavuta pumzi nianze upya.

Mama Enayat akanivuta mkono wa nguo.

"Rawya, mwache mwana wa watu," akasema. "Ni mimi."

"Ni wewe umefanya nini, mama?"

"Nimerudisha."

Tulikaa kwenye benchi la kituo. Alininunulia juisi ya miwa kwa yule yule aliyekuwa anatutazama, akanieleza taratibu kama anavyomweleza mtu njia ya kwenda kwa daktari. Watu wale walimtunza. Mtu akikutunza, unakumbuka, na siku yake ikifika unamrudishia. Ndivyo mama yake alivyofanya, ndivyo kijiji kizima kinavyofanya: aliyekuja harusini kwako na kukutunza mbele za watu, nawe unakwenda kwake na kumtunza mbele za watu. Sasa wale wa kwenye simu nao wanafungua laivu zao. Shaaban, dereva wa lori wa Aswan aliyemtupia simba wa kwanza, anaimba garini mwake akisubiri mzigo. Mama Karam wa Port Said anafuma vitambaa. Yule binti wa Sohag alionyesha mapacha wake siku ya saba. Mama Enayat alikuwa anawaendea mmoja mmoja. Nangwan alimfundisha wapi pa kubonyeza ili almasi ziwe waridi na simba tena, bila kujua anamfundisha nini.

Hapo nikakumbuka kitambaa. Miezi mingi nilikuwa namwona alasiri anakaa kwenye kochi na simu, amejifunga kile kitambaa chake cha hariri cha kuendea shughuli, ananukia udi, amenyoosha mgongo. Nilidhani uzee umeanza. Kumbe mwenzangu alikuwa harusini.

Nilimwambia wale si watu wetu. Nilimwambia ile si harusi, ni biashara, na kwamba programu inakata nusu kila zawadi ikipita.

"Simba mmoja akienda na kurudi anabaki mkia, mama."

"Hata ukumbi wa harusi hukodishwa," akanijibu.

"Na umewarudishia wote?"

"Wote wanaofungua laivu. Na waridi moja juu."

Hilo waridi la juu ndilo lililotaka kunitoa roho. Nikamwuliza kwa nini, basi, kama ni kurudisha, asirudishe kilekile akaishia hapo. Alinitazama kwa huruma. Alisema ukimrudishia mtu kilekile umemwambia kwaheri, mmemalizana, kila mtu na njia yake. Lazima uzidishe kidogo ili naye awe na sababu ya kuja tena. Nilijua hayo. Mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Lakini mama yangu alifanya kwa majirani, si kwa picha ya mtu akiwa na lori.

Njia nzima ya kurudi viatu vilinichubua.

Nangwan tulipomwambia hakulia. Aliingia jikoni akaosha glasi ambazo zilikuwa safi. Nilimsikia akizipanga, akizipangua, na moyo uliniuma kuliko kama angepiga kelele.

Niseme jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwenye nyumba ile, hata mume wangu Basyouni, ambaye yuko Jordan anaweka vigae. Siku vyombo vyangu vilipozungushwa, pikapu ya mbele ilibeba friji jeupe, kubwa, la milango miwili, na watu walipiga vigelegele. Lilikuwa la mfamasia, jirani yetu. Mama yangu aliliazima. Watu walipotawanyika, kaka yangu alikuja na mkokoteni akalirudisha kwa wenyewe, na mimi nikamwambia Mama Enayat kwamba mota ina kasoro, limepelekwa kwa fundi. Ni miaka saba sasa liko kwa fundi. Mama mkwe wangu hakuuliza hata mara moja fundi huyo ni nani. Alipangua rafu ya juu ya friji lake akasema nyumba moja haina haja ya friji mbili, umeme ghali. Tangu siku hiyo naweka maziwa ya wanangu kwenye rafu ya juu, na kila nikifungua ule mlango naona aibu kidogo. Sikutaka Nangwan awe na mlango kama huo.

Kesho yake asubuhi, Jumanne, nilimwendea Mama Enayat na shauri. Tufungue laivu, tuwaambie watu friji halipo, watoe. Hakunisubiri nimalize. Alisema yeye hajawahi kunyoosha mkono, hakunyoosha mume alipokufa, hatanyoosha leo kwa ajili ya friji. Kama aibu ipo, atapita nayo mbele ya Hamdiya kichwa juu. Akarudi kukanda unga, maana fatiri za harusi zilikuwa nyingi na zilikuwa hazingoji mtu.

Nikakaa kwenye kigoda nikamtazama anavyopiga donge. Nina hasira za karibu, lakini zikishaisha kichwa changu hufanya kazi vizuri sana.

"Mama," nikasema, "hawa watu wa kwenye simu wamekutunza, au hawajakutunza?"

"Wamenitunza."

"Na wewe umewatunza?"

"Nimewatunza, na umenisema kwa hilo tangu jana."

"Sasa umewaalika?"

Mkono wake ulisimama hewani na donge likamshukia kwenye kiwiko. Kumwoza binti bila kumwalika mtu mliyetunzana ni jambo ambalo kwetu wanawake hulikumbuka mpaka msibani. Wapo ndugu hawajasalimiana toka enzi za redio za mbao kwa ajili ya mwaliko mmoja uliosahaulika. Mama Enayat aliona yote hayo, nikamwona akiyaona. Alinitazama kwa jicho la mtu aliyefungwa bao na mtoto wake mwenyewe.

"Niletee kitambaa changu," akasema. "Kile cha hariri."

Tukafungua laivu. Nilishika simu kwa mkono mmoja na moyo kwa mwingine. Hakupika. Alikaa kwenye kochi, mikono magotini, akawaalika mmoja mmoja, kwa majina, bila karatasi, bila kusahau. Shaaban wa lori na mkewe. Mama Karam na wajukuu wake. Binti wa Sohag, na mapacha waje wamefunikwa vizuri kwa sababu jioni kuna ubaridi. Yule mwalimu wa Tangier ambaye maneno yake hatuyaelewi yote. Alisema harusi ni Alhamisi baada ya swala ya Isha, chakula kipo, nafasi ipo, na walio mbali wamwie radhi kwa kuwaambia kwa kuchelewa, kosa ni lake na si la Nangwan. La friji hakulitaja. Nilimfinya, akanipiga kibao cha mkono pale pale watu wanaona.

Kisha pakawa kimya. Watu walikuwamo, wengi kuliko siku zote, lakini hakuna aliyetupa kitu. Nikasema basi, nimemaliza werevu wangu wote kwa bure.

Ndipo Mama Karam akaandika, nami nikasoma kwa sauti: "Hajjat, nina waridi lako moja tangu Ramadhani."

Likapita waridi. Nyuma yake likapita la pili, la tatu, na nyuma yao simba. Binti wa Sohag akaandika kwamba yeye ana waridi lake la siku ya saba ya mapacha. Mwalimu wa Tangier akaandika kitu na ua ndani yake. Shaaban akasema lori limesimama kwenye mizani na yeye ana deni la waridi, akatupa simba, akatupa mwingine, akauliza kama Hajjat bado anaogopa. Kila mtu mle ndani alikuwa na waridi moja la juu. Mwanamke huyu alikuwa amewaachia mlango wazi wote, mwaka mzima, mmoja baada ya mwingine, nami nilikuwa namwona ameanza kuzeeka. Mama Enayat alisema Bismillahi mpaka sauti ikamkauka, Nangwan akatoka jikoni na glasi mkononi akasimama nyuma yangu, na nikamsikia analia sasa.

Almasi zilikuwa zimetosha friji na kubaki. Nikabonyeza kutoa pesa, na programu ikaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba pesa itaingia baada ya siku kadhaa za kazi. Vyombo vilikuwa vinazungushwa kesho.

Nikavaa ndala nikaenda kwa Wagdi.

Aliniona toka mbali. Alikuwa anamwuzia mtu kava la simu, na naapa sijawahi kuona kava likiuzwa polepole namna ile. Alimwonyesha jekundu, akamwonyesha bluu, akarudi kwenye jekundu. Nilingoja. Mteja alipoondoka niliomba msamaha, nikaomba vizuri, kwa sauti ya kutosha muuza juisi asikie, kwa kuwa yeye ndiye aliyesikia lile tusi. Nikaeleza shida yangu: pesa ipo njiani, haijafika, na pikapu imeshakodiwa. Nikamwuliza kama anaweza kunipa sasa kutoka droo yake, halafu pesa ikiingia achukue yake na kamisheni yake.

Wagdi alitazama salio. Alitazama tena, kama jana, safari hii bila kunigeuzia kioo. Akafungua droo, akahesabu noti, akazifunga kwa mpira, akazisukuma mezani.

"Kamisheni ni kiasi gani?" nikauliza.

"Tangu lini mwizi akatoza kamisheni?" akasema. Aliniacha nichemke kidogo, kisha akaongeza: "Hiyo mpelekee bibi harusi, ni tunzo langu. Mwakani namwoza binti yangu, Hajjat anajua cha kufanya."

"Atazidisha," nikamwambia.

"Ndiyo natarajia," akasema Wagdi, akavaa miwani.

Jumatano alasiri pikapu ya mbele ilibeba friji. Jeupe, milango miwili, bado lina nailoni yake, limefungwa utepe mwekundu kiunoni. Ngoma zilitangulia, vijana wakacheza na fimbo, wanawake wakapiga vigelegele kutoka madarini. Mimi nilikuwa na viatu vyangu vya kisigino na simu mkononi, laivu, kwa amri ya Mama Enayat, aliyesema waliotoa lazima waone walichotoa. Nao waliona, na waliona sana. Shaaban aliandika kwamba kamba ya nyuma imelegea na aliyefunga mzigo ule hajui kazi, ikabidi msafara usimame dereva akaze kamba kwa maelekezo ya mtu aliye Aswan.

Tulipofika, Hamdiya alikuwa mlangoni na utepe wake shingoni. Hakungoja friji lishushwe. Alipanda kwenye pikapu na umri wake, akagonga ubavu wa friji kwa kifundo cha kidole, akachana nailoni, akafungua mlango mbele ya kijiji kizima akague rafu. Ndani Mama Enayat alikuwa ameweka fatiri tatu zilizokunjwa kwenye kitambaa safi, za moto bado. Hamdiya alisimama hapo na mlango wazi, harufu ya samli imemjaa usoni. Mwishowe akamega kipande. Watu wakacheka, naye akacheka, na Nangwan akainua uso kwa mara ya kwanza wiki ile.

Vijana wakalishusha, wakalipandisha ngazi kwa kelele nyingi. Mimi na Mama Enayat tukabaki barabarani. Nilikuwa nimemwonyesha Mama Karam mlango wa nyumba, mapazia, kila alichouliza. Mama mkwe wangu alisimama karibu nami akitazama juu, kule dirisha la jikoni, mpaka akaona limeingia. Kisha akanishika mkono wa nguo, kama siku ile kwa Wagdi.

"Hili halirudi kwa wenyewe, Rawya," akasema.

Hakunitazama aliposema. Aliendelea kutazama dirisha, akanipapasa mgongo mara moja, akaondoka kwenda kuwahimiza wanawake waingie ndani wale.

Miaka saba. Alijua tangu siku ya kwanza, labda tangu mkokoteni wa kaka yangu unapinda kona, akapangua rafu ya juu na kusema umeme ghali. Nilisimama pale nikalia bila kujificha, na kwa kweli nililia kwa raha. Shaaban akaandika kwamba amechoka kuona viatu, nigeuze simu. Sikuigeuza.

Siku hizi alasiri tunakuwa wawili kwenye kochi, na mimi nimejinunulia kitambaa changu. Juzi mjukuu wa Mama Karam alivishwa pete. Nilibonyeza mimi, mama akiwa ananisimamia: waridi zote walizotutupia, simba wao, na waridi moja juu.